Jiografia katika Mtihani wa Utumishi wa Serikali: Faida Yake kwa Apitaye na kwa Asiyepita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, nayo imechapishwa hapa kwa ombi la wanachama)



Halmashauri ilitupa kazi ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wazazi huliuliza mara kwa mara: kijana atakaye kazi ya Serikali asome somo gani? Na hasa wako wazee waliotuuliza juu ya jiografia. Walisema, “Mtoto akishajua majina ya milima na mito, atayala?” Swali hilo ni la haki. Ada za shule hutoka katika mifuko yenu, na nyingine hutoka katika Mfuko wa Elimu wa Chama hiki. Basi lastahili jibu lenye hoja, wala si jibu la kupamba maneno.

Tumeona ni vema kulijibu kwa mfano wa nchi moja, nayo ni India. Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza, kwetu Kenya Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi na kuwahoji waombaji. Hatuna mtihani mmoja mkubwa wa taifa zima wa kuingilia vyeo vya juu vya utawala. India wanao, na ndani yake jiografia ni somo ambalo mtahiniwa hujichagulia kwa hiari yake. Kwa hiyo huko faida ya somo hili yaweza kupimwa kwa alama, si kwa kukisia. Ya pili, nchi zote mbili zilirithi kutoka kwa Waingereza utawala wa kupeleka ofisa mmoja wilayani, mwenye kuangalia watu, ardhi, maji na amani kwa pamoja. Kazi ya ofisa wa namna hiyo twaifahamu sote. Hatusemi kijana wetu aende kuufanya mtihani ule, maana cheo kikuu cha utawala kinachotafutwa humo ni cha raia wa India. Twasema tuutazame, tupate mafunzo.

ASILI YA MTIHANI NA UKALI WAKE

Mtihani wa kuingilia utawala wa India ulianza mwaka 1855, nao ulifanyikia London. Mhindi aliyetaka kazi katika nchi yake mwenyewe ilimpasa kuvuka bahari kwanza. Wa kwanza kushinda alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863. Ilipita miaka mingi hata mtihani huo ukaanza kufanyikia India pia, mwaka 1922, katika mji wa Allahabad. Tume ya kwanza ya utumishi iliundwa mwaka 1926, na tangu tarehe 26 Januari 1950, siku katiba ya India ilipoanza kutumika, inaitwa Tume ya Utumishi wa Umma ya Muungano. Ndiyo inayotahini hata leo.

Mtihani una hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya mchujo, nayo ni ya kuchagua jibu lililo sahihi. Hatua ya pili ni mtihani mkuu wa kuandika. Hatua ya tatu ni mahojiano, ambapo mtahiniwa huketi mbele ya jopo na kupimwa akili na tabia yake. Mpango huu wa hatua tatu ulianza mwaka 1979, baada ya kamati iliyoongozwa na mwanasayansi Daulat Singh Kothari kutoa ushauri wake.

Sasa tusikilize hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Katika mtihani wa mwaka 2023 watu zaidi ya milioni moja waliomba. Waliofika chumbani siku ya mchujo walikuwa 592,141. Waliopita kwenda katika mtihani mkuu walikuwa 14,624. Walioitwa kwenye mahojiano walikuwa 2,855. Waliochaguliwa mwishoni walikuwa 1,016. Katika kila elfu moja waliofika siku ya kwanza, hawakutimia hata wawili waliopata kazi.

Wazee wetu, twaomba hesabu hiyo ikae mioyoni mwenu katika maneno yote yatakayofuata. Kijana wa kawaida huko huruhusiwa kujaribu mara sita, kuanzia umri wa miaka 21 hata miaka 32. Makundi mengine hupewa nafasi zaidi kwa mujibu wa sheria. Mara sita ni miaka sita ya ujana. Basi anayechagua somo hachagui tu njia ya kupitia. Anachagua pia kitu atakachokuwa nacho mkononi iwapo mlango hautafunguka. Hilo ndilo neno letu kuu leo.

MAHALI PA JIOGRAFIA

Katika mtihani mkuu alama zinazohesabiwa ni 1,750. Insha ina alama 250. Karatasi nne za maarifa ya jumla zina alama 250 kila moja, yaani 1,000. Somo la kuchagua lina karatasi mbili za alama 250, yaani 500. Kisha mahojiano huongeza alama 275, na jumla yote huwa 2,025. Zamani mtahiniwa alichagua masomo mawili. Tangu mwaka 2013 huchagua moja tu. Kwa hiyo somo hilo moja limebeba sehemu mbili katika kila sehemu saba za alama za kuandika. Anayelichagua kwa kufuata rafiki zake amecheza kamari na sehemu hiyo yote.

Karatasi ya kwanza ya jiografia ni ya misingi. Nusu yake ni ya maumbile: jinsi ardhi ilivyoinuka na inavyochakaa, hali ya hewa, bahari, mimea na wanyama, na mazingira. Nusu ya pili ni ya binadamu: uchumi, idadi ya watu na makazi yao, mipango ya maendeleo ya majimbo, na nadharia za wataalamu. Karatasi ya pili ni jiografia ya India yenyewe: udongo wake, mito, kilimo, viwanda, njia za uchukuzi, miji, mipaka, na matatizo ya siku hizi.

Kila karatasi ni ya saa tatu. Ina maswali manane, na mtahiniwa hujibu matano. Ukigawa saa hizo, kila swali lina dakika 36 tu, pamoja na kuchora. Na katika karatasi ya pili liko swali la ramani lisiloepukika: mtahiniwa hupewa ramani tupu ya India, aonyeshe mahali kumi, na kila mahali aeleze kwa maneno yapata 30 umuhimu wake. Kila mahali pana alama mbili. Hapo hapana ufasaha wa kumwokoa mtu. Ama wajua ziwa liko upande gani wa mlima, ama hujui.

FAIDA NA MIZIGO YAKE

Wanaolichagua somo hili hutoa sababu zenye maana. Ya kwanza ni kwamba jembe moja hulima mashamba mengi. Hali ya hewa, kilimo, mazingira, maafa, watu na miji huulizwa pia katika mchujo na katika karatasi za maarifa ya jumla. Naye aliyesoma jiografia hukuta njiani mengi anayoyajua. Ya pili, jibu lake laweza kuchorwa. Mchoro mmoja safi wa mlima unavyozuia mvua hufanya kazi ya aya nzima, na msahihishaji huuelewa upesi. Ya tatu, mtu aliyesoma uhandisi au sayansi huweza kuliingia bila kuwa alilisoma chuoni, maana lina sababu na matokeo kama masomo aliyoyazoea.

Lakini tusiwafiche mizigo yake. Somo hili ni refu. Aliyependa mawingu na miamba huchoka anapofika kwenye nadharia za miji, na aliyependa habari za watu huogopa mikondo ya bahari. Tena ni somo linalopendwa na wengi, na kwa hiyo msahihishaji husoma jibu lile lile, kwa maneno yale yale ya kitabu kile kile, hata akachoka. Hapo aliyekariri hupata alama za kukariri. Aliyetazama nchi kwa macho yake hupata zaidi.

Tutoe mfano wa tofauti hiyo. Mwaka 1826 Mjerumani mmoja, Johann Heinrich von Thünen, alieleza jinsi mashamba yanavyojipanga kuuzunguka mji. Karibu na mji, alisema, patakuwa maziwa na mboga, maana huharibika upesi, kisha misitu ya kuni, maana kuni ni nzito kuchukuliwa, kisha nafaka, na mbali kabisa mifugo, ambayo hujipeleka sokoni kwa miguu yake. Mkariri ataandika hayo na kuweka kalamu chini. Mwenye kufikiri atauliza: je, ni hivyo bado? Akiitazama Nairobi ataona maziwa na mboga za Kiambu, na atasema mzee huyu aliona kweli. Kisha ataona maua ya Naivasha, ambayo huharibika kuliko mboga, yakipanda ndege na kuuzwa Uholanzi. Ndipo atakapoandika kwamba umbali haupimwi kwa maili peke yake. Hupimwa kwa saa na kwa nauli, na lami na ndege zimeyavuruga mapete ya von Thünen. Jibu hilo ni la mtu anayefaa kupewa wilaya.

SOMO HILI KAZINI

Yupo atakayesema: hayo ni ya mtihani, ofisini kuna nini? Basi tuende katika jimbo la Odisha, pwani ya mashariki ya India.

Tarehe 29 Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kiliipiga pwani ile. Watu karibu elfu kumi walikufa, na wengi wao hawakuuawa na upepo bali na maji ya bahari yaliyoinuka na kuingia nchi kavu. Jiografia hueleza sababu. Upande wa kaskazini wa Ghuba ya Bengal bahari si ya kina kirefu, na pwani zake zimekaribiana kama mdomo wa faneli. Maji yakisukumwa na upepo hayana pa kwenda ila juu. Nayo nchi inayoyapokea ni delta ya mto Mahanadi, nchi tambarare iliyo chini, yenye wakulima wengi.

Miaka kumi na minne baadaye, tarehe 12 Oktoba 2013, kimbunga kingine kikali kilichopewa jina la Phailin kilifika pwani ile ile, karibu na Gopalpur. Safari hii watu karibu milioni moja walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi, wala si kwa maelfu. Bahari ilikuwa ile ile, na nchi ilikuwa ile ile tambarare. Kilichobadilika ni kwamba utabiri wa hali ya hewa ulikuwa bora, majengo ya kujihifadhi yalikuwa yamejengwa, mamlaka ya kupambana na maafa ilikuwa imeundwa, na maofisa wa wilaya walijua kijiji kipi kiko chini, barabara ipi hufunikwa kwanza, na watu watembee saa ngapi kabla njia haijafungwa.

Hatudai kwamba maofisa hao wote walikuwa wamechagua jiografia katika mtihani. Wamo waliochagua historia, sheria, hata hisabati. Twasema tu kwamba siku ile kazi yao wote ilikuwa ni jiografia, kila mmoja kwa somo alilotoka nalo. Na yule aliyekuja na ramani kichwani hakuwa na haja ya kujifunza maji yalipokuwa mlangoni.

Na hapa kwetu tusijione mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamejikusanya juu ya mteremko wa Kijabe yaliporomoka hadi Mai Mahiu na kuchukua nyumba na makumi ya watu waliolala. Mteremko ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, ambalo wanafunzi wa dunia nzima hulisoma kama mfano wa ardhi inayotanuka na kupasuka. Watoto wetu wanaishi juu ya mfano huo. Yafaa waujue kuliko wageni.

Wala si jambo geni katika nchi hii mtu wa jiografia kuitwa kwenye kazi kubwa ya Serikali. Tume ya Elimu ya mwaka 1964, iliyopanga elimu ya Kenya mara baada ya Uhuru, iliongozwa na Profesa Simeon Ominde, naye alikuwa mwanajiografia, mtaalamu wa habari za watu na ardhi. Mtu aliyezoea kuuliza watu wako wapi, na kwa nini wako hapo, alifaa kuulizwa shule zijengwe wapi.

UPEPO MMOJA, PWANI MBILI

Twaongeza jambo moja, ili wazee wetu waliotoka pwani wajue kwamba wao ni walimu wa somo hili. Katika mtihani wa India hapana habari inayoulizwa kuliko pepo za msimu. Mvua ya kusi hufika Kerala, ncha ya kusini magharibi ya India, yapata tarehe 1 Juni, na robo tatu za mvua ya nchi ile, kwa jumla, hunyesha tangu Juni hata Septemba. Mpunga, bwawa, umeme, bei ya chakula, vyote hungojea upepo huo.

Mwaka 1686 Mwingereza Edmond Halley alijaribu kueleza sababu ya pepo hizo kwa tofauti ya joto la nchi kavu na la bahari. Lakini karne nyingi kabla ya Halley, manahodha wa pwani yetu na wa Bara Hindi walikuwa wakipanga safari, ndoa na biashara kwa kusi na kaskazi. Na mwaka 1969 mtaalamu mmoja, J. Findlater, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba upo mkondo wa upepo wenye kasi, usiopaa mbali juu ya ardhi, ambao katika miezi ya kusi huvuka Ikweta ukipita juu ya mashariki ya Kenya, ukafuata upande wa Somalia, kisha ukavuka Bahari ya Arabu kwenda India. Wataalamu huuita hata leo kwa jina lake. Upepo unaotikisa michongoma yetu ndio upelekao mvua kwenye mpunga wa Mhindi. Mtoto anayelijua hilo hatasema jiografia ni majina ya milima na mito.

HABARI YA WASIOPITA

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Katika mwaka ule mmoja wa 2023, watu zaidi ya laki tano na tisini elfu walifika mtihanini na kurudi bila kazi. Wengine walirudi tena. Wengine walifikia mwisho wa umri wao. Wengi wao walikuwa wamehamia Delhi, katika mitaa kama Mukherjee Nagar na Old Rajinder Nagar, wakapanga vyumba vidogo na kulipa ada za madarasa ya binafsi kwa fedha za wazazi. Tarehe 27 Julai 2024 mvua kubwa ilinyesha Old Rajinder Nagar, maji yakaingia katika chumba cha chini ya ardhi kilichotumiwa kuwa maktaba ya darasa moja la namna hiyo, na vijana watatu waliokuwa wakijitayarisha kwa mtihani huu walikufa maji humo. Twawataja kwa heshima. Nyuma ya kila namba tuliyoisoma leo pana mtoto wa watu.

Kwa hiyo twauliza: yule anayerudi nyumbani akiwa na miaka thelathini anarudi na nini? Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atarudi kwetu. Na walisema tena kwamba mkono mtupu haulambwi.

Aliyekariri majibu ya mtihani tu, siku mtihani unapomkataa, majibu hayo hayana mnunuzi. Lakini aliyesoma jiografia kwa haki amebaki na kazi kadhaa mkononi. Aweza kufundisha. Aweza kusoma ramani na kuwafanyia kazi wapimaji wa ardhi. Aweza kuingia katika idara za maji, misitu, takwimu na hali ya hewa akiongeza mafunzo kidogo. Aweza kutumikia mashirika ya misaada ambayo kila siku huuliza watu wako wapi, njia iko wapi, mvua itafika lini. Na asipopata hata mojawapo, aweza kusimama katika baraza la kijiji chake na kusema, “Shule isijengwe hapa, maji yatapita,” akawa amelipa ada aliyosomeshwa.

Hatusemi masomo mengine hayana faida ya namna hii. Sheria inayo, na uhasibu unao. Twasema tu kwamba kila mzazi alipime somo kwa mizani yenye masahani mawili: sahani moja ya kupita, na sahani ya pili ya kutopita. Wengi hupima kwa sahani ya kwanza peke yake, na katika hesabu tuliyoisoma sahani hiyo ina watu wasiotimia wawili kwa kila elfu.

NAMNA YA KULISOMA

Vijana wenzetu mliopo, tuwape maneno machache ya kazi. Watahiniwa wa India waliofaulu, hata wale wenye digrii kubwa, huanza kwa vitabu vya shule. Husoma vitabu vya jiografia vya darasa la sita hata la kumi na mbili kabla ya kushika vitabu vizito. Hawaoni haya kurudi chini, maana nyumba hainyanyuliwi kutoka paani.

Pili, ramani iwe mbele ya macho kila siku. Usisome habari ya vita, reli, mafuriko au bei ya chai bila kupatafuta mahali pale kwenye atlasi. Dakika kumi kila siku kwa mwaka mzima hushinda usiku kumi wa kukesha.

Tatu, andika kwa saa. Aliyesoma mengi akashindwa kuyamaliza katika dakika 36 hana tofauti na asiyesoma. Weka saa mezani, jibu, chora, kisha mpe mwenzako asahihishe bila huruma.

Nne, kila nadharia ijaribu kwenye nchi unayoijua, kama tulivyofanya kwa von Thünen na maua ya Naivasha. Nadharia ni miwani ya kutazamia. Asiyeitazamia kitu ameivaa bure.

MAPENDEKEZO KWA MKUTANO

Bwana Mwenyekiti, maneno yasiyo na tendo ni upepo bila mvua. Twaweka mbele ya Mkutano huu mapendekezo manne, yajadiliwe na kukatwa kwa kura.

La kwanza, Chama kinunue kwa ajili ya chumba cha kusomea atlasi nzuri, pamoja na karatasi za ramani za Serikali za kipimo cha 1 kwa 50,000 zinazoonyesha wilaya tulizotoka. Gharama yake ni ndogo, na karatasi moja ya ramani husomwa na watu wengi kwa miaka mingi.

La pili, mara moja kwa mwezi vijana wanaojitayarisha kwa mtihani wowote wakutane hapa waandike kwa saa, na walimu walio wanachama wetu wawasahihishie.

La tatu, wazee wetu watupe Jumamosi moja katika kila robo ya mwaka. Mketi na vijana mbele ya ramani hizo, mwaonyeshe mto ulipopita zamani kabla haujahama, mahali paliposimama msitu, malisho ya mwaka wa njaa, na sababu ya kijiji kuhamishwa. Karatasi haina hayo, nanyi mnayo. Yasipoandikwa sasa yatakwenda nanyi, na ofisa wa kesho atajenga daraja mahali ambapo babu yake alijua mto hurudi.

La nne, nalo huenda likawa zito kwa baadhi yetu. Kabla Mfuko wa Elimu haujamsaidia kijana kujitayarisha kwa mtihani wa ushindani wa namna yoyote, kijana huyo na mzazi wake waandike katika karatasi moja mambo matatu: somo alilolichagua na sababu zake; miaka atakayoitumia, isiyozidi hesabu atakayoitaja mwenyewe; na kazi atakayoishika iwapo hatapita. Hatutaki karatasi hiyo ili kumvunja moyo. Twaitaka ili siku matokeo yatakapotoka, nyumba isiingie msiba kwa sababu ya orodha ya majina. Fedha za Mfuko ni za wajane na wafanyakazi waliokatwa senti zao mwezi kwa mwezi. Sisi tunaoandika stakabadhi zake twajua uzito wake.

Basi kwa wazee waliotuuliza kama milima na mito huliwa, jibu letu ni hili. Milima na mito ndivyo vinavyotulisha, wala hapana Serikali iliyotawala vema bila kuvijua. Kijana akivisoma kwa ajili ya alama tu, huenda akapata alama au akazikosa. Akivisoma ili aijue nchi, nchi itabaki naye hata mtihani ukimwacha.

Mapendekezo yetu tumeyakabidhi kwa Katibu.